Tovuti zinagoma kwenye kompyuta ya zamani? Cheki haya kabla ya kupiga Windows upya

Kompyuta inawaka vizuri. Bando lipo. Google inafunguka kama kawaida. Lakini tovuti moja, ile ile inayohitajika leo, inagoma.

Badala ya ukurasa, kioo kinajaa onyo jekundu na maneno ya Kiingereza. Au ukurasa unakuja mweupe tupu. Au fomu inafunguka vizuri, lakini kitufe cha kutuma kikibonyezwa hakuna kinachotokea.

Hali hii inazikuta nyumba nyingi zenye kompyuta ya mezani au laptop ya mtumba iliyotumika miaka kumi au zaidi. Ubaya ni kwamba tatizo hujitokeza siku mbaya: dirisha la maombi ya mkopo wa chuo linafungwa usiku, au mtu anatakiwa kuwasilisha ritani ya kodi kabla ya siku kuisha.

Wengi hukimbilia kwa fundi, na jibu la haraka huwa moja: tupige Windows upya. Pesa inatoka, picha za familia zinapotea, na mara nyingine tovuti inaendelea kugoma vile vile.

Kumbe mara nyingi mashine yenyewe ni nzima. Kilichozeeka ni programu zilizomo ndani yake, na kujua ni ipi huchukua kama nusu saa tu. Muhimu ni kufuata mpangilio.

Kwanza: kosa ni la nani?

Kabla ya kugusa chochote, fungua tovuti hiyo hiyo kwenye simu janja.

Ikigoma hata kwenye simu, iwe kwa Wi-Fi ya nyumbani au kwa data ya laini, kuna uwezekano mkubwa tovuti yenyewe iko chini. Siku za mwisho za maombi watu huingia kwa wingi na mitambo huzidiwa. Hapo kompyuta haina kosa. Subiri, kisha jaribu tena usiku sana au alfajiri.

Ikifunguka kwenye simu, washa hotspoti ya simu hiyo na uiunganishe kompyuta. Kompyuta ikifungua tovuti kwa hotspoti lakini ikashindwa kwa mtandao wa nyumbani, tatizo liko kwenye mtandao wa nyumbani. Zima kifaa cha intaneti, subiri dakika moja, kisha kiwashe.

Kompyuta ikigoma kwa mitandao yote miwili huku simu ikifungua bila shida, sasa ndiyo mgonjwa amejulikana.

Pili: angalia saa na tarehe

Hatua hii watu huiruka kwa sababu inaonekana ya kitoto. Lakini ni kati ya sababu za kawaida kabisa.

Kila tovuti inayoanza na https ina cheti cha usalama. Ni kama kitambulisho: kina jina la tovuti, jina la aliyekitoa, tarehe ya kuanza kutumika na tarehe ya kuisha. Kompyuta inapoifikia tovuti, inasoma tarehe hizo na kuzilinganisha na saa yake yenyewe.

Kama saa ya kompyuta inasema ni Januari 2010, kila cheti kitaonekana kimetolewa siku ambayo bado haijafika. Kompyuta itakikataa, na onyo litatokea. Kwenye Chrome, onyo hilo huwa na maneno NET::ERR_CERT_DATE_INVALID.

Saa inarudije nyuma yenyewe? Ndani ya kompyuta kuna betri ndogo ya duara, bapa kama sarafu. Kazi yake ni kuifanya saa iendelee kutembea hata kompyuta ikiwa imezimwa na kuchomolewa kwenye umeme. Nyingi ni za aina ya CR2032. Baada ya miaka kadhaa betri hiyo huisha. Tangu hapo, kila umeme ukikatika au mtu akichomoa waya, saa inarudi kwenye tarehe ya zamani.

Dalili yake ni rahisi kuitambua: tarehe inarekebishwa leo, kesho asubuhi imepotea tena. Kwenye kompyuta ya mezani, dawa ni kununua betri mpya. Zinapatikana kwenye maduka ya saa na ya vifaa vya umeme. Zima kompyuta na uchomoe waya wa umeme kabla ya kufungua boksi. Kwa laptop, ni salama zaidi kumwachia fundi.

Usiishie kwenye tarehe tu. Cheki na mambo haya mawili.

La kwanza ni ukanda wa saa. Kompyuta nyingi za mtumba zilitumika Ulaya au Marekani kabla ya kufika huku, na mipangilio ya kule hubaki ndani. Saa inaweza kuonekana sahihi machoni, kumbe kompyuta inaamini iko California. Kwa Tanzania na Kenya, chagua UTC+03:00 Nairobi.

La pili ni saa za Kiswahili. Saa nne asubuhi kompyuta inatakiwa isome 10:00, sio 4:00. Mtu akiiweka kwa mazoea ya kusoma saa ya ukutani, inakuwa nyuma kwa saa sita. Tovuti nyingi bado zitafunguka, lakini mifumo inayodai saa sahihi inaweza kumkatalia kuingia.

Umuhimu wa saa unazidi kukua. Tangu Septemba 2020, vivinjari vikubwa havikubali cheti kipya chenye maisha ya zaidi ya siku 398. Kuanzia 15 Machi 2026 kikomo ni siku 200, na mpango uliopitishwa ni kukifikisha siku 47 ifikapo 15 Machi 2029. Kadiri vyeti vinavyokuwa vya muda mfupi, ndivyo kompyuta yenye saa mbovu itakavyokwama zaidi.

Tatu: soma onyo, usilifunge

Kama saa iko sawa na tovuti bado inagoma, rudi kwenye ule ujumbe wa Kiingereza. Unatisha, lakini ndani yake kuna jibu. Upige picha kwa simu, kisha ulinganishe na hizi.

ERR_SSL_VERSION_OR_CIPHER_MISMATCH. Hapa kompyuta na tovuti zimeshindwa kuelewana. Kabla ya kubadilishana taarifa, pande mbili hukubaliana namna ya kuzificha ili mtu wa katikati asizisome. Utaratibu huo unaitwa TLS. Toleo la 1.0 ni la mwaka 1999, la 1.1 ni la 2006, la 1.2 ni la 2008 na la 1.3 ni la 2018. Matoleo mawili ya mwanzo yana udhaifu, na mwaka 2020 Chrome na Firefox zilianza kuyakataa. Tovuti nyingi nazo zimeyafunga. Kompyuta inayojua ya zamani tu inabaki mlangoni.

NET::ERR_CERT_AUTHORITY_INVALID, au SEC_ERROR_UNKNOWN_ISSUER kwenye Firefox. Hapa kompyuta haimtambui aliyetoa cheti. Kila kompyuta ina orodha ya watoa vyeti inaowaamini, na isiposasishwa, orodha hiyo huchakaa. Mfano mkubwa ulitokea 30 Septemba 2021. Siku hiyo uliisha muda wa cheti cha zamani kilichokuwa kinabeba dhamana ya Let's Encrypt, taasisi inayotoa vyeti bure kwa mamilioni ya tovuti. Vifaa vya zamani ambavyo havikuwa na cheti kipya kwenye orodha yao, kama Mac zenye OS X 10.11 kushuka chini, vilianza kukataa tovuti ambazo jana yake vilizifungua vizuri.

Ndiyo maana Google inaweza kufunguka huku tovuti nyingine ikigoma. Kila tovuti inachagua yenyewe itatumia cheti cha nani na itakubali TLS ya toleo gani.

Ukurasa mweupe au vitufe vilivyokufa. Hapa hakuna onyo lolote. Tovuti imeandikwa kwa lugha mpya ya programu ambayo kivinjari cha zamani hakiielewi. Kinasoma mpaka kinapofika neno kisilolijua, kinaishia hapo.

Nafasi iliyoandikwa Flash. Hii haina dawa. Adobe iliacha kuihudumia Flash 31 Desemba 2020, na kuanzia 12 Januari 2021 ikaizuia isicheze kabisa. Yeyote anayemwambia mtu apakue Flash leo ili aone video, anamuuzia virusi.

Nne: badilisha kivinjari kabla ya kubadilisha Windows

Kivinjari, au brauza kama wengi wanavyoiita, ni ile programu ya kufungulia tovuti: Chrome, Firefox, Edge na nyinginezo.

Kama nyumbani bado mtu anabonyeza ile herufi e ya bluu ya Internet Explorer, safari ya kutafuta mchawi inaweza kuishia hapo. Microsoft iliistaafisha Internet Explorer 11 kwenye matoleo mengi ya Windows 10 tarehe 15 Juni 2022, na tovuti mpya hazijengwi kwa kuifikiria.

Kabla ya kubadilisha, jaribu jambo moja dogo. Fungua tovuti kwenye dirisha la faragha: Ctrl, Shift na N kwa Chrome, au Ctrl, Shift na P kwa Firefox. Ikifunguka huko, kivinjari ni kizima. Kinachosumbua ni kumbukumbu za zamani au programu-jalizi. Futa kumbukumbu za tovuti hiyo na uzime programu-jalizi moja baada ya nyingine. Antivairasi ya zamani iliyokwisha muda nayo inaweza kuingilia kati. Kama ipo, iondoe na utumie ile inayokuja na Windows.

Isipofunguka, angalia kompyuta ina Windows gani. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, kisha bonyeza Enter. Jibu litatokea kwenye kiboksi kidogo. Kwa kila toleo, hali ndiyo hii:

- Windows XP: Microsoft iliacha kuihudumia 8 Aprili 2014. Chrome ya mwisho kwake ni toleo la 49 na Firefox ya mwisho ni 52. Hii si mashine ya kuingilia tena mtandaoni.

- Windows 7: huduma iliisha 14 Januari 2020. Chrome ya mwisho ni toleo la 109, la Januari 2023. Mozilla iliacha mlango wazi kwa muda mrefu zaidi kupitia Firefox 115 ESR, toleo maalumu lililoendelea kupewa viraka vya usalama baada ya Chrome kuondoka.

- Windows 8.1: huduma iliisha 10 Januari 2023. Chrome na Firefox ni zile zile za Windows 7.

- Windows 10: huduma ya kawaida iliisha 14 Oktoba 2025. Hata hivyo, mtumiaji wa nyumbani aliyejiandikisha kwenye mpango wa nyongeza anapata viraka vya usalama hadi 13 Oktoba 2026. Chrome na Firefox za sasa bado zinakubali kuingia humo. Kwa hiyo tovuti ikigoma kwenye Windows 10, usikimbilie kulaumu Windows. Sasisha kivinjari kwanza.

Kwa mwenye Windows 7 au 8.1, Firefox ni jaribio zuri la kwanza kwa sababu inakuja na orodha yake ya watoa vyeti na TLS yake yenyewe. Haitegemei sana vile vilivyochakaa ndani ya Windows. Ipakue kutoka tovuti ya Mozilla yenyewe, sio popote pengine. Kama kompyuta haiwezi kuifungua hata tovuti hiyo, pakua kwenye kompyuta nyingine na uhamishe kwa flashi.

Wale wanaoona tangazo katikati ya ukurasa likisema kivinjari chao kimepitwa na wakati na wabonyeze kusasisha, wasibonyeze. Ni njia ya zamani ya kupenyeza virusi. Chrome na Firefox husasishwa kutoka ndani ya menyu zao, sehemu ya About.

Tano: swali la kumuuliza fundi

Baada ya hatua hizo, kama bado, sasa fundi ana kazi. Lakini kabla hajaanza, aulizwe swali moja: unaweka Windows gani?

Kama kompyuta ilikuwa na Windows 7 na anarudisha Windows 7, pesa inatupwa. Tovuti zilizogoma jana zitagoma na leo, kwa sababu kilichozeeka kimerudishwa pale pale. Tena hali inaweza kuwa mbaya zaidi. Windows 7 iliyowekwa upya kutoka diski ya zamani inakosa hata yale masasisho ambayo mashine ilikuwa imeyakusanya miaka yote.

Jambo lingine ni Windows za kuchakachua. Programu zinazotumika kuzivunja kufuli huja na virusi mara kwa mara, na mwenye kompyuta hajui kilichoingia pamoja nazo.

La tatu, na hili ndilo linaloumiza, ni mafaili. Picha za harusi, vyeti vilivyoskaniwa, ripoti ya chuo: vyote vihamishiwe kwenye flashi au diski ya nje kabla fundi hajagusa kitu. Na mwenye mali ayafungue mafaili hayo kwenye kompyuta nyingine, ahakikishe yanasomeka. Neno la "nimeshahifadhi" halitoshi.

Njia ya kuipa mashine maisha mapya

Kuna watu wataambiwa wanunue kompyuta yenye Windows 11. Ni kweli kwamba mashine nyingi za zamani haziipokei. Windows 11 inadai, pamoja na mengine, kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni. Kwa Intel, kwa kawaida ni kuanzia kizazi cha 8.

Lakini kununua sio njia pekee. Linux Mint ni mfumo wa bure unaofanya kazi ya Windows, na unapokea Firefox ya sasa, yenye TLS mpya na vyeti vipya. Unahitaji RAM ya GB 2, ingawa GB 4 ndiyo inapendekezwa, na nafasi ya GB 20 kwenye diski. Prosesa iwe ya biti 64. Toleo lake la Xfce ndilo jepesi kwa mashine dhaifu.

Raha yake ni kwamba mtu anaweza kuuonja kabla ya kuuoa. Unawekwa kwenye flashi kwa kutumia kompyuta nyingine, kisha ile ya zamani inawashwa kutoka kwenye flashi. Hakuna kinachofutwa. Kama Wi-Fi inakamata, printa inaitika na ile tovuti iliyogoma inafunguka, ndipo uamuzi wa kuuweka moja kwa moja ufanyike, mafaili yakiwa yameshahifadhiwa. Faili la kupakua lina karibu GB 3, kwa hiyo bando lipimwe.

Hasara nayo ipo. Programu za Windows, zikiwemo za uhasibu ambazo baadhi ya maduka hutumia, hazifungui humo moja kwa moja. Lakini kwa kuandika barua, kusoma, kujaza fomu na kuangalia video, LibreOffice na Firefox zinatosha.

Onyo lipi lisirukwe kamwe

Kwenye kurasa za onyo, chini kabisa, mara nyingi kuna maandishi madogo ya kuendelea kwa hatari ya mtumiaji mwenyewe. Mtu mwenye haraka huyabonyeza.

Kwa tovuti ya kusoma tu, isiyodai jina wala nenosiri, hasara yake inaweza kuwa ndogo. Lakini panapohusika benki, kodi, mkopo, barua pepe au namba ya kitambulisho, usipite. Onyo hilo linamaanisha kompyuta imeshindwa kuthibitisha kwamba iliyoko upande wa pili ni tovuti ya kweli. Anayepita anaweza kuwa anamkabidhi nenosiri mtu asiyemjua, na hakuna namna ya kutofautisha kwa macho.

Na hata pale tovuti inapofunguka bila onyo, kompyuta ya Windows XP au 7 isitumike kwa mambo ya pesa. Kufunguka kwa tovuti hakumaanishi mashine iko salama. Matundu ya usalama yanayogunduliwa kwenye mifumo hiyo hayazibwi tena. Iachiwe kazi za kuandika, muziki na michezo ya watoto, ikiwezekana bila intaneti.

Kama mwisho wa maombi ni leo usiku

Ukarabati usubiri. Chukua simu, fungua tovuti, na kama fomu haikai vizuri kwenye kioo kidogo, ingia kwenye menyu ya Chrome uchague kuiona kama kwenye kompyuta, sehemu iliyoandikwa Desktop site. Nyaraka zilizoko kwenye kompyuta zihamishwe kwa waya wa simu au flashi.

Ikishindikana, kuna intaneti kafe au steshenari ya karibu. Huko zingatia mambo mawili: usiruhusu kivinjari kihifadhi nenosiri, na kabla ya kuinuka toka kwenye akaunti na ufute mafaili uliyoyapakua.

Fomu ikishatumwa na namba ya kumbukumbu ikiwa mkononi, rudi nyumbani kwa ile kompyuta. Anza na saa yake.